Chupa ya Lavenda au Robo ya Maini

Mililita 10 za mafuta ya lavenda ni matone kama 200. Difyuza ya mezani hula matone matatu hadi matano kila unapoiwasha. Kwa hesabu hiyo chupa moja inakufikisha mara arobaini au zaidi, na ndiyo maana mtu akiikuta dukani Nairobi au Mombasa kwa shilingi mia kadhaa, au hata elfu na ushei, huona amempatia nafuu rahisi mbwa wake anayetetemeka kila mwisho wa mwaka. Muuzaji naye hakosi neno: lavenda inatuliza, mama, chukua. Hesabu ya matone haina kasoro. Swali ni kazi gani matone hayo yanafanya saa sita za usiku, fataki zinapoanza.

Na fataki haziji mara moja tu kwa mwaka. Kuna Diwali, kuna mkesha wa Krismasi na wa mwaka mpya, kuna watoto na baruti zao siku za Idi, na Unguja kuna usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, sherehe za Mapinduzi. Ndugu walioko Uingereza huongezewa tarehe 5 Novemba, ambapo sheria inaruhusu kufyatua hadi saa sita za usiku. Sikio la mbwa hufika takriban hezi 45,000, la paka hupita 60,000, letu sisi huishia 20,000. Mshindo unaomchekesha mtoto barazani, kwa mnyama huyo ni kishindo kisicho na onyo wala upande kilikotoka.

Kabla hujatoa hela, mtazame mnyama mwenyewe, maana wengi hugundua hofu ikiwa imeshapamba moto. Mbwa hulamba midomo na hakuna chakula, hupiga miayo na hana usingizi, huhema na hakuna joto. Masikio hulala nyuma, mkia ameufyata, na ukimpa kipande cha nyama anachokipenda hukigeuzia uso. Hilo la kukataa chakula ndilo kipimo changu. Mbwa anayekula bado anafikika. Aliyekataa nyama amekwisha kupita mahali ambapo harufu nzuri inaweza kumfuata. Paka hana makelele. Hujipenyeza nyuma ya friji na hatoki hata kwa dagaa.

Sasa turudi kwenye lavenda, kwa sababu si uzushi mtupu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walifukiza harufu mbalimbali kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, mbwa 55. Waliponusishwa lavenda au kamomaili walipumzika zaidi na kubweka kidogo. Rozmari na mnanaa viliwachangamsha. Mwaka uliofuata Deborah Wells wa chuo hicho hicho aliwachukua mbwa 32 wenye tabia ya kupagawa garini, akawawekea harufu ya lavenda safarini, nao wakakaa na kulala zaidi kuliko siku zisizo na harufu. Ni matokeo mazuri, ila angalia yalipatikana wapi: kituoni na garini. Hakuna aliyekuwa akifyatua baruti juu ya paa.

Kwa hiyo anayesafiri na mbwa kwenda ushago kwa Krismasi ana sababu ya kujaribu lavenda, na wala hahitaji difyuza ya elfu moja na nusu au elfu tatu. Tone moja au mawili kwenye kitambaa, kitambaa kikae mbele mbali na pua yake, dirisha liachwe wazi kidogo. Yasipakwe kwenye manyoya, yasitiwe kwenye maji ya kunywa. Mbwa akisogea upande wa pili wa kiti kuikimbia ile harufu, amekujibu, toa kitambaa.

Kwa usiku wa fataki ushahidi unakwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 2020 Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alichapisha majibu ya wenye mbwa 1,225 kuhusu walichojaribu wakati wa fataki na kama kilisaidia. Mafuta ya kunukia, dawa za mitishamba, virutubisho, feromoni na homiopathi vyote viliangukia kundi moja: kati ya asilimia 27 na 35 ya waliovitumia waliona nafuu. Riemer mwenyewe alieleza kuwa kiwango hicho hakizidi kile kinachotarajiwa mtu akipewa dawa bandia na kuamini itamsaidia. Vazi la kumbana mbwa kifuani lilipata asilimia 44. Dawa za daktari, asilimia 69, sawa na kumfundisha mbwa kutulia. Na kilichoongoza, zaidi ya asilimia 70, ni kitu kisichouzwa kwenye chupa: kumpa mbwa chakula kitamu au kucheza naye mara tu baada ya kila mshindo.

Haya ni maelezo ya wafugaji wenyewe, si jaribio la maabara, na mtu aliyelipia kitu hupenda kuona kimefanya kazi. Lakini mwelekeo huo wa kupenda ulitakiwa uibebe chupa ya lavenda kuliko kipande cha nyama, na haukuibeba.

Basi hebu tupige hesabu ya nyama. Robo kilo ya maini au nyama ya ng'ombe, ichemshwe bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana vyote viwili huharibu damu ya mbwa na paka. Ikatekate vipande vidogo kama punje za mahindi. Kwa bei ya bucha za Kenya hiyo ni mia na kitu, pengine mia mbili, na inatosha usiku mzima. Mpangilio ndio muhimu: mshindo kwanza, kisha kipande. Ukitanguliza kipande, mbwa mjanja atajifunza kwamba nyama ndiyo inayoleta mshindo, na umemharibia nyama. Anza na ngurumo za mvua za Novemba au honi za barabarani, ili mkesha ukifika awe ameshazoea biashara hiyo. Usiogope maneno ya wale wanaosema ukimbembeleza mbwa unamzidishia woga. Woga hauongezeki kwa kushikwa bega; akitaka kulala miguuni pako, mwache alale.

Kwetu pwani kuna kishawishi kingine, kwa sababu mafuta ya kunukia hatuyaagizi mbali. Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya karafuu kutokana na makonyo, pamoja na ya mchaichai na ya mkaratusi. Ni bidhaa za nyumbani, hupatikana kwa bei inayovumilika, na mtu hujiambia kuwa kitu anachopaka jinoni hakiwezi kumdhuru paka. Kinaweza. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, ambayo ni jamii ya fenoli, na ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya ambacho kwetu sisi na kwa mbwa hufungasha fenoli ili zitolewe mwilini. Jeni inayohusika kwa paka imekufa, kwa hiyo kile ambacho kwako hutoka kwa saa chache, kwake hukaa na kulundikana.

Difyuza za umeme zinazotoa ukungu huzidisha tatizo hilo. Ule ukungu ni vitone vya mafuta vinavyoelea, kisha vinatua: kwenye meza, kwenye mto, kwenye mgongo wa paka. Paka ni mnyama anayejilamba mchana kutwa, basi kilichotua mgongoni kitaishia tumboni. Karafuu, mdalasini, mkaratusi, mnanaa na melaleuka, ile inayouzwa kwa ajili ya chunusi na mba, sitaviwasha kwenye nyumba yenye paka kwa bei yoyote. Melaleuka isiyochujuliwa ina rekodi yake: ripoti ya Marekani ya mwaka 2014 ilikusanya visa 443 vya mbwa na paka walioathirika kati ya 2002 na 2012, wengi wakitokwa na mate, wakilegea, wakiyumba na kutetemeka. Wengi wa wenye wanyama waliyapaka wakijua wanatibu. Ndege nao wasisahauliwe. Mapafu yao hayana masihara na moshi wala mvuke. Simwambii mtu wa Mji wa Kale azime chetezo cha udi siku ya Idi, ila kasuku na paka wapewe chumba kingine.

Kama bado unaitaka lavenda kwa safari ya gari, soma kibandiko kabla ya kulipa. Mafuta halisi huandikwa jina la mmea, Lavandula angustifolia, na huwa kwenye kioo cheusi au cha kahawia. Chupa ya mia mbili iliyoandikwa harufu ya lavenda tu, bila jina la mmea, mara nyingi ni manukato ya kiwandani. Kuna kipimo cha bure pia. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uiache hadi kesho yake. Lavenda safi huruka karibu yote. Iliyoongezewa mafuta mazito huacha duara linalong'aa kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Unalipa bei ya lavenda kwa mafuta ya kupikia.

Feromoni, mfano Adaptil ya mbwa na Feliway ya paka, ni chaguo la mwenye nafasi. Kifaa huchomekwa ukutani, kichupa kimoja huhudumia mita za mraba 50 hadi 70 na hudumu takriban siku 30. Huku kwetu ni bidhaa ya kuagizwa, hupatikana kwenye kliniki chache na maduka ya mtandaoni, na bei yake ni maelfu, tena kila mwezi. Sifa yake moja kubwa ni kwamba haina sumu kwa paka. Nimeona watu wakikichomeka saa mbili kabla ya fataki, nyuma ya kochi, kisha wakalalamika. Hutakiwa kuwashwa siku kadhaa kabla, mahali pa wazi. Hata hivyo kumbuka feromoni zilikoangukia kwenye zile asilimia za Bern.

Vazi la kubana kifua huweza kupita dola 40 Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Leso ya zamani iliyofungwa kifuani na mgongoni, isiyokaza kiasi cha kidole kushindwa kupita chini yake, hufanya kazi ile ile kwa mbwa wengi. Ila Desemba ya Mombasa si Desemba ya Limuru. Mbwa anayehema kwa joto usimfunge nguo.

Kwa mbwa anayevunja madirisha, anayejiumiza, anayekataa nyama, pesa zote nilizotaja juu ni za kutupa. Peleka hela hiyo kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Ada ya kumwona pamoja na vidonge vichache inaweza kuwa sawa na difyuza na chupa mbili za mafuta. Trazodoni na gabapentini hutumika sana, na Marekani iliidhinishwa jeli ya kupaka kwenye ufizi, Sileo, kwa hofu ya kelele. Nenda mapema, wiki mbili tatu kabla, ili dozi ijaribiwe siku ya kawaida na nyumba ikiwa kimya. Usimnunulie gabapentini ya maji ya binadamu kwa kujiamulia, kwa kuwa baadhi hutiwa sukari ya zailitoli ambayo ni sumu kwa mbwa. Na ukitajiwa asepromazini peke yake, uliza swali la pili: dawa hiyo hulegeza mwili, lakini mbwa anaweza kubaki anaogopa vile vile ndani yake, asiweze tu kukimbia.

Vilivyobaki ni vya bure au karibu na bure. Chumba cha katikati ya nyumba, mapazia yameshushwa, feni inazunguka, redio inaimba. Taarabu ya zamani ya taratibu inafaa kuliko ile ya mipasho. Paka atafutiwe boksi la katoni na shuka yako iliyotumika, liwekwe juu ya kabati anapopenda, na akijificha asivutwe. Matembezi ya mbwa yamalizike kabla ya jua kuzama.

Mnyama akiwa amelamba au kumwagikiwa mafuta ya kunukia, usimtapishe, maana mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu wakati wa kutapika. Mwoshe manyoya kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, mtoe penye hewa safi, na ubebe chupa yenyewe uende nayo kwa daktari ili asome kilichomo.

Mwenye shilingi elfu mbili za kutumia sikukuu hii, mimi ningemwambia anunue maini, abakize za teksi ya kumfikisha kliniki, kisha achongeshe kibati cha shingoni kwa fundi wa mihuri. Usiku wa fataki geti huachwa wazi na wageni, na mbwa aliyeshtuka hukimbia mbali asikokujua. Kibati kichongwe namba ya simu inayopokelewa saa nane za usiku, si ile ya ofisini.