SOMO LA AFYA: UGONJWA UNAOKUJA NA KUONDOKA

Wekeni kalamu na daftari tayari.

Leo tutajifunza ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi. Hauambukizi, wala si wa kurogwa. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu.

Mmeona waya wa umeme: ndani shaba, nje mpira. Mishipa ya fahamu nayo imevikwa utando wa mafuta. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea, wakaushambulia utando huo katika ubongo na uti wa mgongo. Basi amri za ubongo huchelewa njiani, au hazifiki kabisa.

Dalili zake ni zipi? Jicho moja huuma na kuona ukungu. Miguu hufa ganzi au hukosa nguvu. Mtu huyumba, huchoka mno. Huanza zaidi baina ya miaka 20 na 40, na wanawake huupata kuliko wanaume. Mara nyingi dalili hukaa siku au majuma, kisha hupungua zenyewe. Mgonjwa husema, "Nimepona." Jirani husema, "Alikuwa mvivu tu." Baadaye ugonjwa hurudi, na huenda ukaacha kilema.

Mwaka 2020 wagonjwa duniani walikadiriwa kuwa 2,800,000. Wengi wako Ulaya na Amerika Kaskazini, mbali na ikweta. Afrika waliohesabiwa ni wachache. Ni kweli kwetu ugonjwa huu ni haba, lakini pia madaktari wa mishipa ya fahamu ni wachache, na mashine za kupiga picha ya ubongo ziko miji mikubwa. Asiyepimwa hahesabiwi, wala hatibiwi.

Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana, ila ziko za kupunguza marudio yake. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za ugonjwa huu katika orodha ya dawa za lazima. Anayeanza mapema hunufaika zaidi.

Sasa oneni faida ya kujua kuandika. Dalili ikitokea, nenda hospitali, tena andika hivi:

Tarehe 3 Machi. Jicho la kushoto linaona ukungu. Siku 9.

Ikija nyingine, andika tena. Daktari akisoma atajua kwamba ugonjwa umekuja mara mbili, hata kama siku hiyo huna dalili.

Nakilini mara tatu: Dalili ikiondoka, tarehe ibaki daftarini.

Kwaherini mpaka somo lijalo.