Utulivu si uvivu: Raha iliyomo katika mambo madogo ya kila siku

JUA linapotua katika mji wa kale wa Lamu, wazee huketi kwenye baraza za mawe mbele ya nyumba zao. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili asikike kabla ya kuonekana.

Kikombe chenyewe ni kidogo. Mtu angeweza kukimaliza kwa mafunda mawili akaenda zake. Badala yake, kahawa hunywewa taratibu huku habari za bahari, za wagonjwa na za waliosafiri zikipokezanwa.

Desturi hiyo imejengeka ndani ya mji wenyewe, ambao uliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba mno kwa gari kupita, hivyo mizigo hubebwa na punda. Nayo baraza humwezesha mwenye nyumba kumpokea mgeni bila kuingilia faragha ya waliomo ndani. Waashi walipojenga ukuta, walijenga pia mahali pa mazungumzo.

Huko Ulaya, jambo lilo hilo lilihitaji kupiganiwa. Mwaka wa 1986, mkahawa wa McDonald's ulipofunguliwa karibu na ngazi mashuhuri za Piazza di Spagna jijini Roma, mwandishi Carlo Petrini na wenzake walipinga ujio wa mlo wa harakaharaka.

Upinzani huo ulizaa vuguvugu la Slow Food, ambalo ilani yake ilitiwa saini Paris mwaka wa 1989. Mnamo 1999, miji minne ya Italia, ukiwemo Greve in Chianti, iliunda Cittaslow, muungano wa miji inayothamini chakula cha kienyeji, kelele chache na njia za waendao kwa miguu. Aidha, mwaka wa 2022 Slow Food ilimchagua Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda, kuwa rais wake.

Wapo watakaouliza: mfanyakazi anayeamka saa kumi alfajiri mtaani Kayole ili awahi matatu kabla nauli haijapanda, ataupata wapi wasaa wa kuketi barazani? Swali hilo ni la haki. Kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, haraka si hulka bali ni lazima, na kunywa chai polepole hakutamlipia deni.

Hata hivyo, utulivu haupimwi kwa wingi wa saa. Akili ya binadamu haiwezi kuyazingatia mambo mawili mazito kwa wakati mmoja. Huruka kutoka hili hadi lile, na kila inaporuka huacha kitu nyuma. Ndiyo maana mtu huweza kula mlo mzima asikumbuke ladha yake.

Mzazi anayefika nyumbani saa mbili usiku hubakiwa na dakika chache kabla mwanawe hajalala. Akizipitisha macho yakiwa kwenye simu, huitikia tu asichokisikia. Akiiweka simu kando, husikia nani aliyeanguka uwanjani shuleni na nani aliyechekwa darasani. Dakika ni zile zile, ila mtoto atakuwa amesikilizwa.

Hata Lamu kwenyewe, utulivu haujilindi. Mwishoni mwa miaka ya 2010, pikipiki zilikuwa zimepenya hadi ndani ya mji wa kale, na serikali ya kaunti ikalazimika kuzipiga marufuku humo. Waendeshaji wake walikuwa vijana wanaotafuta riziki, wala si maadui wa utamaduni. Lakini mngurumo unapopita kila dakika, mazungumzo ya barazani hukatika.

Vivyo hivyo katika nyumba za mijini, lazima mtu aamue ni wapi mngurumo usiingie. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, baraza yaweza kuwa kigoda kando ya jiko wakati ugali unasongwa, au kizingiti cha mlango jioni ya Jumapili. Hapahitaji fedha wala likizo. Panahitaji tu aliyeketi hapo awe hapo kweli, na aliye naye alitambue hilo.