Paka wa Kulea na Ukaaji Wake Nyumbani

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba hulea paka, na wapo wanaowachukua wale waliozaliwa sokoni Darajani, Forodhani au kwenye diko la Malindi wakawapeleka majumbani mwao. Hilo ni jambo la kheri. Hata hivyo, desturi iliyozoeleka ni kumtupia mnyama huyo makombo asubuhi, kisha kumwachia mlango akazurure hadi usiku. Wanaposhauriwa kwamba paka wa kulea akae ndani au uani, baadhi ya watu hujibu kuwa kumfungia paka ni dhulma, na hutaja hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad (S.A.W.) kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka.

Hoja hiyo inastahiki jawabu, kwani hadithi yenyewe ni sahihi na imepokewa na Bukhari na Muslim. Lakini yafaa isomwe hadi mwisho wake. Mwanamke yule alimfunga paka mpaka akafa. Hakumpa chakula wala maji, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Miongoni mwa wanavyuoni walioisherehesha hadithi hiyo wamo walioeleza kuwa inajuzu kumfuga paka na kumzuia, mradi mwenyewe asipuuze kumlisha na kumnywesha. Aidha, katika hadithi ya Abu Qatada, ambaye alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, paka ametajwa kuwa si najisi bali ni miongoni mwa wanaowazunguka watu majumbani. Anayemfungia paka wake hana budi basi kujua kwamba amejitwika wajibu wote wa riziki yake. Asiyeweza kuubeba ni bora asimchukue.

Sababu ya kwanza ya kumweka ndani ni maradhi. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa humpata paka pia, naye huweza kumwambukiza mtu kwa kumng'ata. Pemba ilifanikiwa kuutokomeza mwaka 2014 kwa chanjo ya mbwa, lakini uliingia tena mwaka 2016 na ukahitaji kazi kubwa ya chanjo hadi kudhibitiwa mwaka 2018. Paka aliyechanjwa na asiyetoka hana nafasi ya kukutana na mbwa mgonjwa. Vilevile paka azururaye hujisaidia kwenye michanga wanamochezea watoto na katika mabustani ya mboga, na kinyesi chake huweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama mjamzito.

Sababu ya pili ni ndege na wanyama wadogo wa visiwani. Pemba peke yake ina aina nne za ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, akiwemo ninga wa Pemba na bundi mdogo wa huko. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Athari ya jambo hilo ilionekana katika Kisiwa cha Marion, kilichoko kusini ya mbali chini ya Afrika Kusini. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa huko ili wakamate panya katika kituo cha hali ya hewa. Katika miaka ya 1970 kizazi chao kilizidi elfu mbili, wakila ndege wa baharini kwa mamia ya maelfu kila mwaka, na kazi ya kuwaondoa haikumalizika hadi mwaka 1991. Waliowaleta hawakukusudia ubaya wowote. Walitaka panya wapungue.

Kwa hivyo, kumhasi paka dume na kumfunga kizazi jike ni sehemu ya ulezi. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na mimba yake huchukua takriban miezi miwili. Paka aliyehasiwa hutulia, na hamu ya kutoka humpungua sana.

Paka mgeni awekwe katika chumba kimoja kwa siku kadhaa za mwanzo ili azoee harufu na sauti za nyumba. Akiachiwa mapema huenda akajaribu kurudi alikotoka. Madirisha yatiwe wavu wa chuma, jambo ambalo kwa wakaazi wa maghorofa ya Michenzani lina umuhimu zaidi, kwani paka huanguka, na kusema kweli si kila mara hufikia miguu yake salama. Nyumba yenye ua uliozungukwa na kuta ina neema kubwa: ukutani juu hutandikwa wavu ulioinamia ndani, na paka akapata jua na upepo bila ya kufika njiani.

Haja zake hutimizwa kwa beseni la mchanga mkavu. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa sababu vijidudu vilivyotajwa huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza; mama mjamzito asiifanye kazi hiyo. Chakula kiwe samaki au nyama iliyopikwa, kwani wali mtupu haumtoshi paka hata akiula kwa hamu. Apatiwe pia gogo lililozungushwa kamba ya usumba alikwaruze, vinginevyo atakwaruza viti.

Paka akipotea, mwenyewe amuarifu sheha wa shehia yake na majirani. Na mtu yeyote aliyeng'atwa au kuparurwa na paka asiyejulikana aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila ya kungoja dalili, kwa vile kichaa kikishaonesha dalili hakina tiba.