CHOMBO CHA UMMA KINA WENYEWE

Tarehe 27 Januari, 2016, Waziri wa Habari, Bw. Nape Nnauye, aliliarifu Bunge mjini Dodoma kwamba Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) halitaonyesha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja kama ilivyozoeleka. Gharama, alisema, ilifikia shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na mchana watu wengi wako kazini. Badala yake kungekuwa na kipindi cha usiku, “Leo katika Bunge”. Wabunge wa upinzani walipopinga, polisi waliingia ukumbini kuwatoa.

Hatusemi kwamba fedha si hoja. Shirika halina budi kulipa mishahara na kutunza mitambo. Ni kweli pia kwamba kuli na mwalimu hawawezi kuacha kazi wakatazame televisheni. Lakini kipindi cha usiku ni habari iliyokwisha chaguliwa: lipo lililotiwa, na lipo lililoachwa. Tena, Bunge ndilo liisimamialo Serikali. Je, yafaa asimamiwaye ndiye aamue msimamizi wake asikike lini?

Jambo hili lina historia. Mwaka 1956 Tanganyika ilipata shirika lake la utangazaji. Mwaka 1965 shirika hilo lilivunjwa, na redio ikawa idara ya Serikali. Nchi changa ilihitaji sauti ya kufundisha, na matunda yake hatuyakani: kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973 iliwafikia watu wengi vijijini kwa njia ya redio. Utangazaji ulirudishiwa jina la shirika. Hata hivyo, Mkurugenzi Mkuu wa TBC huteuliwa na Rais. Jina limebadilika, kamba haijakatwa.

Katiba, ibara ya 18, yampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya mambo muhimu kwa maisha yake. Basi yatupasa kudai mambo mawili: fungu la fedha la shirika lipitishwe na Bunge waziwazi, na vipindi viamuliwe na wahariri, si na waziri.

Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Serikali isikiayo sifa zake tu haitajua mapema palipoharibika. Atakayeumia kwanza ni mkulima wa mtama kule Bahi, ambaye kwa kodi yake chombo hicho chaendeshwa.