Tundu Kwenye Nailoni

Kila mfugaji wa Nyandarua au Uasin Gishu anaijua shida hii. Nyasi hunawiri wakati wa mvua, na mvua hiyohiyo ndiyo inayozuia kuzikausha. Ukizikata masika, zinalowa na kuozea shambani. Ukingoja jua la kiangazi, zimeshatoa mbegu, mashina yamekakamaa kama vijiti vya ufagio, na protini imeyeyuka. Protini ghafi ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinavyomeng'enya nyasi katika tumbo la kwanza la ng'ombe hukosa lishe ya kutosha. Ng'ombe anaonekana ameshiba, lakini ndoo inarudi nusu.

Robota la kufungwa kwa nailoni lilibuniwa kwa ajili ya shida kama hiyo. Lilianza kuenea miaka ya 1980 katika nchi za mvua nyingi kama Ayalandi. Hei ya kawaida haifungwi mpaka maji yake yashuke chini ya asilimia 18, na ikifika 15 ni salama zaidi. Robota la nailoni hufungwa maji yakiwa kati ya asilimia 40 na 60. Mfugaji hukata nyasi zikiwa changa, huziacha zinyauke siku moja au mbili, huzibana robota, kisha huliviringishia nailoni tabaka kwa tabaka. Anakuwa amejiepusha na zile siku kadhaa za jua ambazo hana uhakika wa kuzipata.

Kinachofuata ndani ya robota hakionekani kwa macho. Nyasi iliyokatwa haijafa. Seli zake huendelea kupumua, zikimaliza oksijeni iliyonaswa, zikiunguza sukari na kutoa joto. Oksijeni ikiisha, bakteria wa asidi ya laktiki huanza kazi, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa kwenye kibuyu. Hula sukari iliyobaki na kuigeuza asidi, na uchachu huo ndio unaozuia vimelea vya uozo. Jambo hili lina uzito kisayansi. Mwaka 1945 mwanakemia wa Ufini, Artturi Ilmari Virtanen, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, na kazi yake iliyotajwa zaidi ilikuwa njia ya kuhifadhi chakula cha mifugo. Yeye alitia asidi moja kwa moja kwenye nyasi mbichi, asingoje bakteria waitengeneze.

Lakini robota la nyasi zilizonyauka lina udhaifu ambao sileji ya shimoni, yaani malisho yaliyochachushwa shimoni bila hewa, haina kwa kiasi hicho. Nyasi zikiwa na maji kidogo, bakteria hao hufanya kazi polepole na asidi yao huwa kidogo. Sileji ya mahindi iliyokaa vizuri hufika pH ya 4 hivi, na pH ikiwa ndogo ndivyo uchachu unavyozidi. Robota la nyasi mara nyingi huishia karibu na 5. Kwa hiyo mlinzi mkuu wa robota ni ukosefu wa hewa. Nailoni hii, ambayo kabla ya kuvutwa na mashine ina unene wa milimita 0.025 tu, ndiyo ghala lenyewe.

Huku kwetu kuna ugumu wa ziada. Nyasi walizoanzia Wazungu, hasa zile za ryegrass, zina sukari nyingi na mashina laini. Nyasi zetu za Rhodes na matete zina sukari kidogo, na mashina yake ni magumu na hayakubali kubanwa. Bakteria wanakosa chakula, na hewa inapata pa kujificha. Ndiyo maana nashauri kukata alasiri, baada ya majani kushinda juani yakitengeneza sukari, kuzikatakata nyasi kama mashine inaruhusu, na kunyunyizia molasi iliyochanganywa na maji kidogo. Kisha robota libanwe kwa nguvu zote za mtambo.

Niliwahi kuona robota lenye tundu dogo kuliko kifungo cha shati. Bua la nyasi lililobaki wima shambani ndilo lililoitoboa nailoni wakati wa kulibiringisha. Robota lilipopasuliwa, kuzunguka tundu palikuwa na duara la ukungu pana kama sinia, jeupe pembeni na la samawati katikati. Nyasi za hapo zilikuwa zimeshikamana kama pamba ya godoro kuukuu, na ukitia mkono unahisi joto. Upande wa pili wa robota hilohilo nyasi zilikuwa za kijani cha zeituni, zinanukia uchachu mtamu kama uji wa wimbi uliochachushwa.

Nilipiga hesabu baadaye. Katika robota kubwa la duara, lenye kipenyo cha mita 1.2 na urefu huohuo, karibu nusu ya nyasi zote ziko ndani ya sentimita 12 kutoka kwenye nailoni, yaani nusu shubiri. Katika yale marobota madogo ya mashine ndogo, yenye kipenyo cha sentimita 55 na urefu wa 52, ni zaidi ya asilimia 80. Robota dogo halina moyo wa kukimbilia. Karibu lote ni ngozi. Anayeliviringishia tabaka mbili ili kubana matumizi anapoteza zaidi ya alichookoa. Nne ndizo za chini kabisa, na kwa jua letu na mashina yetu, mimi nasema sita. Faida ya robota dogo iko wakati wa kulisha: ng'ombe wawili hulimaliza kwa siku moja au mbili, kabla hewa iliyoingia haijaanza kulipasha joto.

Saa pia zinahesabika. Robota lililobanwa asubuhi likakaa bila nailoni hadi kesho yake hupata joto, na likizidi mno nyasi hugeuka kahawia kama tumbaku na kunukia sukari iliyoungua. Ng'ombe hulipenda sana robota la namna hiyo, na mfugaji hudhani amepata bora. Kumbe joto limefungamanisha protini na sukari, na sehemu kubwa ya protini hiyo itatoka na samadi. Nyasi mbichi mno nazo hukaribisha bakteria wa udongo wa jamii ya Clostridium, wenye harufu ya siagi iliyooza. Kupima unyevu, finyanga konzi ya nyasi zilizokatwakatwa kwa nusu dakika, kisha fumbua mkono. Ikichuruzika maji, bado sana. Ikibaki tonge, ngoja. Ikifumuka yenyewe upesi na kiganja kikabaki kikavu, funga leo.

Baada ya hapo ni ulinzi tu. Simamisha robota kwa upande wake bapa, kwa kuwa hapo tabaka za nailoni ni nyingi zaidi. Liwe mbali na miti yenye ndege na mbali na mbuzi. Fyeka nyasi zinazowaficha panya. Panya aliyekufa ndani ya robota anaweza kuzalisha sumu ya botulini, ambayo huua ng'ombe na farasi. Tundu likionekana, futa pakauke, kisha ziba kwa utepe wa nailoni za sileji. Gundi ya karatasi hubanduka kwa jua.

Na wewe unayenunua kando ya barabara, usitoe pesa kabla hujalizunguka robota zima na kulipapasa. Uliza lilifungwa lini na nyasi zilikatwa zikiwa zimechanua au la. Ukiona ukungu wakati wa kulifungua, usimlishe ng'ombe anayekamuliwa sehemu hiyo na zilizo jirani nayo: baadhi ya sumukuvu, kama aflatoksini, hupita mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto wako.