Somo la 11: Dawa ya Bakteria na Ugonjwa wa Malaria

Mama unayechambua maharagwe, baba uliyetoka shambani sasa hivi, sogeeni karibu na redio.

Leo najibu swali ninaloulizwa kila msimu wa mvua: "Sista, kwa nini nisinunue antibiotiki dukani nikatibu malaria? Nasikia hata madaktari huitumia."

Nianze na kisa. Mama mmoja kutoka sehemu za chini za Mbeere alimleta mtoto wake wa miaka 4 akiwa amebebwa mgongoni. Homa ilikuwa imeanza siku tatu kabla. Dukani aliuziwa vidonge vya rangi mbili. Nyumbani alivifungua, akawa anachanganya unga wake na uji, na kumpa mtoto Panadol pia. Siku ya kwanza joto lilishuka, mama akafurahi. Siku ya tatu mtoto hakuweza kuketi wala kunyonya maji kwenye kijiko. Tulipima damu, tukakuta malaria. Tulimdunga sindano ya kwanza ya artesuneti, tukampeleka hospitali kubwa. Namshukuru Mungu alipona. Lakini mama aliniuliza kwa uchungu: "Kwani nilimpa dawa ya uongo?"

Hapana, dawa haikuwa ya uongo. Ilikuwa dawa ya kweli iliyotumiwa mahali pasipofaa. Tuelezane.

Dawa hizi zilitoka wapi?

Bila shaka unaijua harufu ya udongo mvua ya kwanza inapogusa shamba kavu. Harufu hiyo hutengenezwa na bakteria wadogo wanaoishi udongoni. Bakteria hao hao hutengeneza sumu za kupigania chakula na vijidudu wengine. Wanasayansi walipogundua hilo, walianza kukusanya udongo kutoka sehemu nyingi za dunia na kuupima. Mwaka wa 1945, mtaalamu wa mimea aitwaye Benjamin Duggar alipima udongo kutoka shamba la Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani. Ndani yake alipata bakteria waliotoa dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini, iliyotangazwa mwaka wa 1948. Doksisaiklini ni mtoto wa ukoo huo.

Je, dawa ya bakteria inamgusaje mdudu wa malaria?

Mdudu wa malaria si bakteria. Lakini ndani ya mwili wake ana kifuko kidogo ambacho asili yake, miaka mingi sana iliyopita, ni bakteria. Bila kifuko hicho hawezi kuendelea na uzazi. Doksisaiklini hukiharibu kifuko hicho. Hata hivyo, mdudu aliyepo leo hafi papo hapo. Humaliza mzunguko wake wa karibu siku mbili, akapasua chembe za damu na kuzaa. Wale watoto wake ndio hushindwa kuendelea.

Ni kama kumnyang'anya mkulima mbegu. Mahindi yaliyo shambani atayavuna na kula. Ni msimu ujao ndipo atakosa cha kupanda. Sasa, mtoto mwenye malaria kali hana msimu wa kungojea. Katika siku hizo mbili anaweza kuishiwa damu, kupata degedege au kufa.

Ndiyo sababu daktari akitumia doksisaiklini kwa mgonjwa wa malaria, huiweka pamoja na dawa nyingine inayoua haraka, kama kwinini. Pia humpa mtu mzima anayesafiri kwenda kwenye malaria nyingi, ili ajikinge. Mtoto wa chini ya miaka 8 na mama mjamzito hawapewi, kwa sababu inaweza kudhuru meno na mifupa inayokua.

Utafiti wa fosmidomaisini

Kuna dawa nyingine ya udongoni inayotufundisha mengi. Inaitwa fosmidomaisini. Ilipatikana Japani kutoka kwa bakteria wa udongoni, ikakusudiwa kutibu magonjwa ya bakteria, kisha ikawekwa kando. Mwaka wa 1999, Hassan Jomaa na wenzake huko Ujerumani walitangaza kwamba inazuia kazi muhimu inayofanyika ndani ya kile kifuko cha mdudu wa malaria, na kwamba iliponya panya wenye malaria.

Panya si binadamu. Kwa hivyo ilipelekwa kujaribiwa kwa wagonjwa nchini Gabon. Homa ilishuka na wadudu wakapungua, lakini kwa wengi malaria ilirudi baada ya wiki chache. Watafiti wakaiunganisha na antibiotiki nyingine, klindamaisini. Matokeo yakawa mazuri zaidi. Halafu mchanganyiko huo ulijaribiwa Msumbiji kwa watoto wa chini ya miaka 3, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2012. Waliopona kabisa walikuwa chini ya nusu.

Umeona, msikilizaji? Dawa iliyowafaa wakubwa iliwashinda wadogo. Mtu mzima aliyeumwa mara nyingi ana kinga inayosaidia dawa. Mtoto mdogo bado hana kinga hiyo. Vivyo hivyo, mtu wa Nkubu au Manyatta kule juu kwenye baridi, anaposhuka Mbeere, Tharaka au Mwea, hana kinga kama mwenyeji wa huko.

Kisa cha hapa kwetu Kenya

Wengi wenu mnakumbuka klorokwini. Wadudu waliizoea, na mwaka wa 1998 serikali ikaweka Fansidar mahali pake. Hiyo nayo ikaanza kushindwa. Katika miaka hiyo watafiti waliofanya kazi Kilifi, akiwemo Bill Watkins, walishughulikia mchanganyiko wa dawa mbili za zamani: klorproguanili na dapsoni. Dapsoni ilitengenezwa Ujerumani mwaka wa 1908, na tangu miaka ya 1940 ikatibu bakteria wa ukoma. Mchanganyiko huo uliitwa Lapdap. Ulimezwa mara moja kwa siku kwa siku 3, ulikuwa wa bei nafuu, na ulitoka mwilini haraka hivi kwamba wadudu wasingepata muda mrefu wa kuuzoea. Mwaka wa 2003 uliidhinishwa Uingereza kwa ajili ya kutumiwa Afrika.

Lakini utafiti haukukoma dawa ilipofika madukani. Wagonjwa wengi zaidi walifuatiliwa, wakapimwa damu siku baada ya siku. Ikaonekana kuwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD walipoteza damu kwa kiwango cha hatari baada ya kumeza dapsoni. Upungufu huu hurithiwa, na huonekana sana kwa watu wa sehemu za malaria. Mwenye nao hajijui. Mwaka wa 2008 kampuni iliyoitengeneza, GlaxoSmithKline, iliiondoa Lapdap sokoni.

Wengine watasema kazi yote hiyo ilipotea bure. Mimi nasema iliokoa maisha. Bila wale wagonjwa waliokubali kufuatiliwa, tungeendelea kuwapa watoto wetu dawa inayowamaliza damu huku tukisema ni malaria imewazidia.

Kwa hivyo watafiti wakija kijijini kwako, usiwakimbie, wala usikubali kwa kuona haya. Uliza: Dawa hii imejaribiwa wapi? Madhara yake ni gani? Nikiugua nitamwita nani? Naweza kujitoa? Mtafiti wa kweli atakujibu yote kwa lugha unayoielewa, kabla hujatia sahihi.

Basi tufanye nini leo?

Tangu 2006 dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali katika vituo vyetu vya umma ni AL. Humezwa mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula au maziwa ili iingie mwilini vizuri. Lakini kwanza pima damu. Hapa kwetu homa nyingi si malaria. Huenda ni kichomi, homa ya matumbo au ugonjwa wa njia ya mkojo, na hapo ndipo antibiotiki inayofaa ina kazi yake. Ukiimeza ovyo leo, bakteria wataizoea, na siku utakapoihitaji haitakusaidia.

Mambo ya kukumbuka:

1. Homa ikianza, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Panadol hushusha joto, haiui mdudu wa malaria.

2. Usitibu malaria kwa antibiotiki ya dukani, na usimpe mtoto dawa iliyobaki ya mtu mwingine.

3. Maliza AL yote hata ukijisikia umepona.

4. Ukimeza dawa yoyote kisha mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, macho yakawa manjano au ukaishiwa nguvu, rudi kituoni haraka na pakiti ya dawa mkononi.

5. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au asiyeamka vizuri, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

6. Lala ndani ya neti yenye dawa kila usiku, hasa ukishuka sehemu za joto.

Yule mama wa Mbeere sasa ndiye huwaambia majirani zake: "Pima kwanza." Nami nawaachia maneno hayo hayo.