Mshipa Uliobanwa na Njia Yake

Neno mshipa limebeba maana nyingi katika lugha yetu: ni njia ya damu, ni kano, ni ngiri, na ni ule uzi wa fahamu uchukuao habari baina ya ubongo na viungo, ndiyo maana fundi cherehani aliyeinamia kazi yake tangu asubuhi hata magharibi, anapolalama kwamba mshipa umembana mgongoni, hatuna budi kumwuliza ni mshipa gani, na umebanwa wapi.

Uti wa mgongo una pingili 33, na pembeni mwake hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu, 8 za shingo na 12 za kifua, zilizobaki zikiwa za kiuno na chini yake. Kati ya pingili nyingi pana kisahani cha gegedu, kigumu ukingoni na laini ndani. Kikipasuka, ule ulaini hutokeza nje, na mfupa nao, umri ukisonga, huota vipembe. Hapo tundu unamopita mshipa huwa na dhiki. Mwaka 1934 matabibu wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, waliwadhihirishia wenzao kwamba kisahani kilichopasuka chaweza kuusonga mshipa na kuleta maumivu mbali na hapo.

Pingili za kifua zimeshikamana na mbavu, hazitikisiki sana, na kwa hiyo mshipa kubanwa hapo ni nadra. Maumivu yaliyo baina ya makombe ya mabega aghalabu ni uchovu wa misuli, au shina lake ni shingo, hasa yakifuatana na ganzi ishukayo mkononi hata vidoleni. Mshipa wa kifua ukibanwa kweli, maumivu huzunguka ubavu kama mshipi, mgonjwa akadhani ni kichomi au moyo. Na mkanda wa jeshi nao hufuata njia iyo hiyo, ila baadaye hujidhihirisha kwa malengelenge.

Tiba ya mshipa uliobanwa, alhamdulillahi, si ya kisu kwa wagonjwa walio wengi, kwani hupata nafuu katika majuma machache. Zamani waliamriwa kulala kitandani siku nyingi; leo matabibu husema mgonjwa apumzike kidogo, kisha atembee, atumie dawa ya maumivu kwa kipimo alichopewa, na afanye mazoezi ya shingo na mabega kwa uongozi wa mtaalamu. Kuchuliwa taratibu kwaweza kumburudisha, lakini asikubali kusokotwa shingo wala kukanyagwa mgongo na asiye na elimu hiyo.

Hata hivyo zipo alama zisizongojewa: miguu kulegea, mkojo au choo kutozuilika, homa na kukonda, au maumivu yaliyofuata ajali. Homa na kukonda huenda kukawa kifua kikuu cha uti wa mgongo, maradhi aliyoyaeleza Percivall Pott wa London mwaka 1779, nayo leo yana dawa. Na kifua kikibanwa kwa jasho na pumzi kukatika, moyo uchunguzwe kwanza.

Basi, ewe msomaji ufanyaye kazi ya kuinama, inuka kila baada ya muda, unyoshe mabega. Na uchungu ukikushika, usiutibu pale unapouma tu, bali mwendee tabibu auandame hadi kwenye chimbuko lake.